Printi Inayojifanya Gazeti: Kila Kitu Unafaa Kujua Kuhusu 'Currents' ya Robert Rauschenberg

Kama umewahi lala shags kwa nyumba ya shosh, unajua ile ukuta ya jikoni imebandikwa magazeti kutoka chini hadi juu. Unga ya ngano kidogo, maji moto, unapaka, unabandika. Baridi haiingii, moshi haichafui ukuta, na mtoto akikosa kitu ya kufanya anasoma ukuta. Mimi nilijulia hapo kusoma. Shida ni stori zilikuwa zinakatika katikati. Unasoma waziri amesema hivi na hivi, ukifika mwisho wa mstari unakutana na mguu wa mchezaji wa mpira.

Sasa cheki hii. Kuna printi moja ya sanaa inakaa hivyo hivyo. Ukiiona kwa mbali unaweza apa ni magazeti yamekatwa na kubandikwa. Ukikaribia, unataka uingize kucha kwa kona ubandue kidogo. Hakuna kona. Hakuna gundi. Hakuna hata kipande kimoja cha gazeti hapo. Ni wino tu juu ya karatasi.

Hiyo printi inaitwa Currents. Ilitoka 1970, na venye dunia ya leo imejaa vitu zinazojifanya habari, ni poa ujue stori yake.

Kwa ufupi

- Jina: Currents
- Msanii: Robert Rauschenberg, Mmarekani (1925–2008)
- Mwaka: 1970
- Aina ya kazi: printi ya skrini juu ya karatasi
- Ilitoka wapi: kolaji 36 za magazeti, alizotengeneza Januari na Februari 1970
- Saizi: kimo karibu futi 6, urefu zaidi ya futi 50
- Ndugu zake: Surface Series from Currents (printi 18) na Features from Currents (printi 26)

Soma hiyo saizi tena. Futi 50 ni ndefu kushinda mathree ya abiria 33. Hii si kitu ya kutundika sebuleni juu ya kochi. Unaipita ukitembea, kama mtu anapita stendi ya magazeti asubuhi akienda job.

Kwanza, kolaji ni nini?

Kolaji ni picha unatengeneza kwa kubandika vipande vya vitu vingine: gazeti, kitambaa, tiketi, karatasi ya peremende, chochote. Wasanii Pablo Picasso na Georges Braque ndio waliifanya ikuwe sanaa ya kuheshimiwa, huko Ufaransa mwaka wa 1912. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wasanii wa Ujerumani kama Hannah Höch wakaichukua wakaanza kukata picha za wanasiasa na kuwachapa nazo.

Hapa kwetu jina unafaa kujua ni Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, 1972. Kolaji zake za wanawake, zingine zikiwa na vipande vya majarida, zimezunguka dunia nzima. Kwa hivyo mtu asikudanganye ati kukata na kubandika ni kazi ya nasari.

Printi nayo ni kitu tofauti. Printi inachapwa, na inaweza chapwa mara nyingi. Kolaji ni moja tu, ikichomeka imeenda. Currents ni printi inayokaa kolaji. Ndio maana inachanganya watu.

Rauschenberg alikuwa nani?

Alizaliwa Port Arthur, Texas, tarehe 22 Oktoba 1925. Jina la kwanza aliitwa Milton, hiyo Robert alijipatia mwenyewe akiwa mkubwa. Alienda chuo kikuu kusomea mambo ya dawa na hakumaliza. Mwenyewe alikuwa anasema walimwambia apasue chura kwa darasa na akakataa. Mimi pia kolej nilitokea mlango wa nyuma, ingawa kwangu hakukuwa na chura, kulikuwa na balansi ya fees. Kwa hivyo huyu msee nilimpenda kabla hata nione kazi yake.

Halafu kuna hii: Rauschenberg alikuwa na disleksia, ile hali herufi zinacheza mbele ya macho na kusoma kunakuwa vita. Sasa fikiria mtu kama huyo anakaa chini na rundo la magazeti, anaamua hii ndio kazi yake. Sisi tunaona maneno kwanza. Yeye pengine aliona maumbo kwanza: wino mweusi, nafasi nyeupe, uso wa mtu. Ukiangalia Currents unaona gazeti na macho kama hayo.

Kabla ya hapo alikuwa tayari ni jina. Miaka ya 50 alikuwa anaokota takataka kwa mitaa ya New York na kuzipachika kwa michoro yake. Moja inaitwa Monogram, na iko na mbuzi mzima aliyekaushwa, amevaa tairi ya gari kiunoni. 1962 akaanza kutumia skrini kuweka picha za magazeti na majarida kwa turubai, wakati ule ule Andy Warhol alikuwa anaanza yake. 1964 akashinda tuzo kubwa ya uchoraji kule Venice Biennale, Italia.

Hapo ndio alifanya kitu wengi wetu hatuwezi. Baada ya kushinda, alipiga simu New York akaambia rafiki yake aharibu skrini zote zilizobaki studio. Hakutaka kurudia kitu ambacho tayari kimembeba. Alirudi kwa skrini akiwa na kitu kipya cha kusema, na moja ya hizo vitu ndio hii Currents.

Kwa nini magazeti, na kwa nini 1970?

Mwanzo wa 1970 Marekani ilikuwa inachemka. Vita vya Vietnam vilikuwa vinaendelea na vijana wanarudi kwa masanduku. Kesi maarufu ya Chicago ya waandamanaji waliopinga hivyo vita ilikuwa kortini, na ikaamuliwa Februari hiyo hiyo. Mauaji ya Martin Luther King na Robert Kennedy yalikuwa hayajamaliza hata miaka miwili. Kila asubuhi gazeti linakuja na ngori mpya, na kila jioni hilo gazeti linatupwa.

Hiyo mwisho ndio ilimkwaza. Mtu anasoma kuhusu vifo asubuhi akikunywa kahawa, halafu jioni anafungia takataka na hizo vifo. Rauschenberg akachukua magazeti ya hiyo miezi miwili, akakata, akapanga kolaji 36, akaenda kuzifanya printi kubwa ambayo huwezi fungia nyama. Aliichukulia kama uandishi wa habari, tena serious kuliko kitu kingine alikuwa amejaribu. Alitaka watu washtuke na stori ambazo walikuwa wameshasoma.

Ndani utapata vichwa vya habari vya vita, uhalifu na siasa, picha za watu, safu za maneno madogo. Zingine zimelala ubavu. Zingine zimekatwa kabla sentensi iishe. Rangi ni za gazeti la zamani, nyeusi na kijivu juu ya nyeupe. Hakuna rangi ya kukubembeleza. Na hakuna stori kubwa na stori ndogo, yaani hakuna mhariri wa kukuambia anza hapa. Ni wewe na macho yako.

Ilitengenezwa aje?

Hapa ndio itakubamba, ju hii teknolojia unaijua. Ukienda River Road penye wanaprinti tisheti za kampeni na za harambee, utaona kitu karibu sawa:

1. Unaanza na picha. Kwa Rauschenberg ilikuwa kolaji ya magazeti halisi.
2. Unaipiga picha na kutoa filamu, yaani plastiki inayopitisha mwanga, ikiwa na hiyo picha kwa rangi nyeusi.
3. Unachukua fremu ya mbao yenye kitambaa laini kimevutwa kikakaza. Hiyo ndio skrini. Unaipaka dawa inayoganda ikipigwa na mwanga.
4. Unaweka filamu juu ya skrini na kuwasha taa kali. Penye mwanga umepita, dawa inaganda. Penye picha imezuia mwanga, dawa inabaki laini.
5. Unaosha na maji. Ile laini inatoka, inaacha matundu madogo madogo yenye umbo la picha.
6. Unaweka karatasi chini, unamwaga wino juu, unauvuta na ubao wenye mpira. Wino unapita kwa matundu pekee.

Ukiinua fremu, gazeti liko kwa karatasi. Kila kitu kimebaki: vidoti vya picha, alama ya makasi, hata kivuli kidogo penye karatasi moja ilipanda juu ya nyingine. Lakini yote imekuwa kitu kimoja flati. Ni kama kuchukua picha ya godoro. Unaona mikunjo yote lakini huwezi lala.

Surface Series na Features ni hiyo hiyo kazi ikipangwa kivingine. Alichukua kolaji zile, akazirudia kwa printi za mraba za karibu mita moja kila upande.

Si angeweka tu gazeti lenyewe?

Hili swali ni la maana na jibu lina pande mbili.

Ya kwanza ni sayansi. Karatasi ya gazeti ni ya bei ya chini, inatengenezwa na mbao zilizosagwa zikiwa bado na kitu inaitwa lignini. Lignini ikikutana na mwanga na hewa inageuka rangi. Ndio maana gazeti la wiki jana likiachwa dirishani linakuwa la njano, na la miaka 20 linavunjika kama chapo imekauka. Gazeti limeundwa liishi siku moja. Printi kwa karatasi nzuri inaweza kukuzidi umri.

Ya pili ni heshima. Kitu kikiprintiwa kubwa na kuwekwa kwa ukuta mweupe ndani ya makumbusho, watu wanasimama. Stori ile ile iliyokuwa imefunga njugu sasa ina askari wa kuilinda. Maneno hayajabadilika hata moja. Kilichobadilika ni venye tunaangalia.

Utajuaje ni printi ama ni kolaji ya ukweli?

Ukijipata kwa maonyesho ama mtu anakuuzia kitu, fanya hivi:

- Washa tochi ya simu na uipige kutoka ubavuni. Kolaji ya ukweli itatoa vivuli kwa kila kona ya karatasi. Printi itabaki flati.
- Cheki rangi. Kama ni gazeti la ukweli la zamani, vipande vitakuwa vimegeuka njano, na kila kimoja njano yake. Printi inazeeka pamoja.
- Angalia chini kwa penseli. Printi za wasanii kawaida ziko na saini na nambari kama 12/50. Maana yake hiyo ni ya 12 kati ya 50, na zikiisha 50 zimeisha.
- Usichanganye printi na posta. Kopi iliyotolewa kwa mashine ya ofisi kutoka picha ya intaneti ni posta, hata kama fremu ni ya dhahabu. Lipa doh ya posta.

Na wenye picha wanasemaje?

Kuna upande wa hii stori haufurahishi. Magazeti ni kazi ya watu. Kuna mpiga picha alinyeshewa akingoja hiyo picha, kuna mwandishi hakulala. Msanii akija na makasi, hao wanapata nini?

Rauschenberg mwenyewe alikutana na hilo swali. 1974 alitengeneza kazi inaitwa Pull na ndani akatumia picha ya mtu anaruka kwa maji, aliyoitoa kwa tangazo la jarida. Mwenye picha, Morton Beebe, akaiona, akampeleka kortini. Kesi haikufika hukumu. 1980 walikubaliana wakaimaliza. Baadaye Rauschenberg alitegemea sana picha alizopiga mwenyewe.

Tena usisahau huyu ndiye mtu 1970 hiyo hiyo alianzisha Change, Inc., mfuko wa kusaidia wasanii waliokwama na bili za dharura. Kwa hivyo hakuwa mtu wa kunyima wasanii wenzake. Lakini kupenda wasanii hakukufanyi uwe na haki ya picha ya mtu. Kenya pia iko na Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na kama unatengeneza mimi, kava ya ngoma ama posta ya shoo na picha umeokota mtandaoni, inakuhusu.

Sisi inatuhusu na nini?

Wacha nikwambie kitu sijivunii.

Msimu wa siasa wa 2022 nilitumiwa picha ya ukurasa wa mbele wa gazeti. Jina la gazeti liko juu, tarehe iko, bei iko, herufi ni zile zile. Kichwa kinasema mgombea fulani wa kwetu amejitoa. Sikusoma mara mbili. Nikaituma kwa grupu ya familia nikaendelea na maisha. Anko akamsomea shosh.

Ilikuwa feki. Mtu alikaa na laptop akaitengeneza. Lakini shosh, ambaye alikuwa anampenda huyo mgombea na hajawahi kosa kura tangu apate kitambulisho, siku ya kura alikaa nyumbani. Alisema mtu wake hayuko, aende kufanya nini. Nilipomwambia baadaye ilikuwa feki, hakunigombeza. Aliuliza tu, "Lakini si ilikuwa gazeti?"

Hapo ndio Currents iliniingia. Nimekuwa nikifikiria gazeti ni habari. Kumbe gazeti pia ni sura: safu, herufi nono, picha ya vidoti, tarehe kwa kona. Ukiweza kuiga hiyo sura, watu watakuamini kabla wasome neno la kwanza. Rauschenberg aliiga hiyo sura mbele ya kila mtu, akaiweka jina lake, akaiweka kubwa hivyo ili ujue unaangalia kitu kimetengenezwa na mtu. Aliyetengeneza ile feki alitumia ujuzi ule ule na akaficha mkono.

Hiyo ndio tofauti yote. Currents inakulazimisha usimame uulize: nani alikata hapa? Ni nini ilikuwa upande ule mwingine? Kwa nini hii imewekwa karibu na ile? Hayo ndio maswali nilifaa kuuliza kabla nibonyeze kutuma. Cheki gazeti lenyewe limesema nini kwa ukurasa wao. Cheki tarehe. Kama hupati stori mahali pengine popote, kaa nayo.

Ile ukuta ya shosh

Kwa ukuta wa jikoni kulikuwa na ukurasa mmoja hakuna mtu aliruhusiwa kubandika kitu juu yake. Ulikuwa wa Agosti 1998, ile bomu ya Nairobi. Anko alikuwa tao siku hiyo, na akarudi nyumbani usiku akitembea kwa miguu, amejaa vumbi. Shosh hakuwahi tuambia kwa nini hiyo page inabaki. Ilikuwa tu inabaki, ikigeuka njano, halafu kahawia, halafu ikaanza kudondoka vipande.

Mwaka jana jikoni imepigwa plasta na rangi ya krimu. Imependeza, siwezi kataa. Nilienda na simu nikidhani nitapiga hiyo page picha, nikapata fundi ameshamaliza.

Kama kwenu shags bado kuna ukuta kama huo, wiki hii ukienda, piga picha. Piga kila upande, na ile mistari imekatika pia.